Daraja limeisha, kombe bado: Arteta abaki au aondoke?

Tarehe 19 Juni 2025, siku Daraja la Kigongo–Busisi la hapa Mwanza lilipofunguliwa, mwenzetu mmoja wa Sengerema alikuja kijiweni Kirumba na hoja moja tu mfukoni. Jiwe la msingi la daraja liliwekwa Desemba 2019. Mikel Arteta alitangazwa kocha wa Arsenal Desemba hiyohiyo. "Kilomita 3 juu ya maji zimeisha, magari yanapita," akasema. "Nyinyi mpaka leo mnaniambia nivumilie, kocha anajenga."

Banda letu la kuangalia mpira lililipuka. Tangu siku hiyo tunakaa kama wageni wa harusi mbili tofauti. Wanaotaka kocha abaki wamehamia mabenchi ya upande wa feni. Wanaotaka aondoke wako mlangoni, ambako kuna joto lakini ni rahisi kutoka mambo yakiharibika.

Ningewaacha wabishane, ubishi ndio chumvi ya kijiwe. Tatizo ni fulana. Tawi letu la mashabiki wa Arsenal linachapisha fulana za msimu mpya, 12,000 kila mtu. Kundi moja linataka mgongoni paandikwe "Tuko na kocha", jingine linataka "Imetosha". Mimi ndiye ninayeshika daftari la michango, kwa hiyo matusi yote yanapitia kwangu. Nimeona niziweke pande zote mbili kwenye mizani moja, ili anayepiga kura ajue anapima nini. Upande wangu nitausema, sitajificha.

Jedwali moja, macho mawili

Timu Abaki wanaanza kusimulia kutoka shimoni. Arteta alimaliza wa 8 mara mbili mfululizo, 2020 na 2021, na msimu wa 2021/22 Arsenal haikucheza Ulaya kabisa, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa miaka 25. Agosti 2021 ilifungwa mechi tatu za kwanza za ligi bila kupata bao hata moja, ya tatu ikiwa 5-0 kwa Manchester City, ikakaa mkiani. Wakati ule hata mimi nilikuwa navaa jezi ndani ya koti. Kutoka hapo ikamaliza ya 5, halafu ya 2, ya 2, na ya 2 tena. Msimu wa 2023/24 ilishinda mechi 28 za ligi, nyingi kuliko msimu wowote wa Arsenal tangu Premier League ianze.

Timu Aondoke hawapingi hayo. Wao wanasoma pointi. Misimu mitatu ya nafasi ya pili ilileta pointi 84, 89 na 74. Mabingwa walimaliza na 89, 91 na 84. Pengo lilikuwa 5, likapungua hadi 2, likapanda hadi 10. Na hapo ndipo wanapokaza: Liverpool wamechukua ubingwa wa 2025 kwa pointi 84, zilezile ambazo Arsenal ilizifikisha 2023 na kuzipita 2024. Mwaka ambao ubingwa ulishuka bei, sisi hatukuwa na hela. Tulikuwa tumezimwaga kwenye sare 14.

Hoja hii inauma kwa sababu ni ya kweli. Utetezi nao upo. Ødegaard aliumia kifundo Septemba, Saka msuli wa paja Desemba, Jesus goti Januari, Havertz Februari, na tukamaliza msimu kiungo Merino akisimama namba tisa, yaani mshambuliaji wa kati. Rice, Trossard na Saliba walilambwa kadi nyekundu katika mechi za mwanzo mwanzo, na hakuna hata moja kati ya hizo tuliyoshinda.

Lakini dirisha la Januari lilifunguliwa na kufungwa bila mshambuliaji kuletwa, na jambo hili kila upande unalitupia kwa mwenzake. Edu, aliyekuwa akisimamia usajili, aliondoka Novemba 2024. Andrea Berta aliyemrithi alikuja Machi 2025. Kwa hiyo katikati ya majeruhi, nyumba haikuwa na mwenyewe. Kocha ana sehemu yake ya kosa, kwani namba tisa halisi tulikuwa tumemlilia tangu enzi za Aubameyang. Ila kumtwisha Januari yote mabegani peke yake ni uonevu.

Usiku wa giza na usiku wa mbalamwezi

Nusu fainali ya Klabu Bingwa Ulaya dhidi ya PSG ndiyo iliyotupasua kabisa, na namna ilivyotupasua ni ya Mwanza yenyewe.

Mechi ya kwanza ilikuwa 29 Aprili, giza la mwezi. Kipindi cha giza ndicho cha kuvua dagaa, taa zinawashwa juu ya maji na samaki wanazifuata, kwa hiyo nusu ya benchi letu ilikuwa ziwani. Dembélé wa PSG alifunga dakika ya 4, ikaisha 1-0 pale pale London. Wenzetu walipata matokeo alfajiri wakishusha dagaa soko la Mwaloni, na nasikia kuna aliyerudi kukaa ndani ya mtumbwi.

Marudiano yalikuwa 7 Mei. Mwezi ulishakua mkubwa, mavuno ya dagaa yameshuka, wavuvi wote wako nchi kavu. Saa nne usiku banda lilikuwa limejaa mpaka watu wamekalia kreti za soda. Karibu yangu alikaa mzee mmoja mwenye mitumbwi miwili, ameshika Mirinda isiyofunguliwa. Tulianza kwa kasi, kipa wao Donnarumma akaokoa mara mbili ambapo watu walikuwa wameshainuka. Fabián Ruiz akawafungia. Kipa wetu Raya akadaka penalti, Hakimi akawafungia ya pili. Saka akarudisha moja. Dakika chache baadaye mpira ukamkuta Saka huyohuyo, lango liko wazi, akaupeleka juu.

Hakuna aliyepiga kelele. Nilisikia feni. Mzee akamwita kijana wa banda, akamrudishia Mirinda yake, bado ina kizibo, akadai chenji.

Nje ndipo ugomvi ulipoanza. Mzee alisema mtumbwi ukikaribia nchi kavu si wakati wa kumtupa nahodha majini. Kijana wa bodaboda akamjibu, kwa heshima zote, "Baba, mbona wewe mwenyewe ulituambia mitumbwi mingi inapindukia karibu na ufukwe?" Mzee alicheka, akasema ng'wanawane (mwanangu, kwa Kisukuma) huyu ana akili, lakini hakubadilisha msimamo.

Hiyo ndiyo tofauti ya pande mbili, wala haihitaji hesabu. Mmoja anaona nusu fainali ya kwanza tangu 2009, timu iliyompiga Real Madrid 3-0 nyumbani kwa mipira miwili ya adhabu ya Rice, kisha ikaenda kwake ikashinda 2-1. Mwingine anaona timu inayokaribia kila kitu. Kombe la Ligi, nusu fainali, Newcastle wametufunga 4-0 kwa mechi mbili. Kombe la FA, raundi ya tatu, tumetolewa kwa penalti na Manchester United waliobaki 10 uwanjani.

Kabati la vikombe

Hapa Timu Aondoke wanashinda, na niseme tu kwamba wanashinda kwa mbali. Miaka mitano na nusu, hadi Juni 2025, imeleta Kombe la FA moja, lile la Agosti 2020 dhidi ya Chelsea, mabao yote mawili ya Aubameyang, na Ngao ya Jamii mbili. Baba zetu waliomfukuza Arsène Wenger walimfukuza mtu aliyechukua Kombe la FA 2014, 2015 na 2017.

Wakumbuke wenye umri wa kukumbuka: Machi 2017, Arsenal ikifungwa 3-1 kwa West Bromwich, ndege mbili zilipita juu ya uwanja siku moja. Moja imevuta bango la kumtaka Wenger aondoke, nyingine bango la kumuunga mkono. Mashabiki wa timu moja wamekodi ndege mbili kubishana angani. Sisi tunabishania fulana za 12,000, tuna nafuu.

Miezi miwili baadaye Wenger akachukua FA, akaongezewa mkataba, na mwaka uliofuata akaondoka. Wanaosema "kombe moja tu litatuliza mambo" wasome hapo. Halikutuliza.

Akiondoka, nani anakuja?

Swali hili ndilo lingepaswa kuwa la kwanza, na ndilo ambalo mabenchi yote mawili yanalikwepa. Mlangoni wanaogopa kutaja jina kwa sababu jina lolote watakalolitaja litachambuliwa mpaka mifupa. Upande wa feni wanaogopa swali kwa sababu ya jina moja: Arne Slot.

Slot ni pigo kwa kila anayehubiri uvumilivu. Alikuja Liverpool kutoka Feyenoord, akarithi kiti cha Jürgen Klopp, dirisha la kwanza akaongezewa karibu mtu mmoja tu wa kucheza, Chiesa, na akachukua ligi msimu wake wa kwanza. Kwa hiyo ule msemo kwamba kocha mpya lazima apewe miaka minne ya kujenga umekufa Aprili 2025 pale Anfield.

Ngoja kwanza. Klopp alitangaza Januari 2024 kwamba anaondoka Mei. Klabu ikapata miezi ya kutafuta, na kocha mpya akakuta chumba kimefagiliwa. Na Klopp mwenyewe? Alikuja Oktoba 2015, akafungwa fainali tatu, na msimu wa 2018/19 akakosa ligi akiwa na pointi 97. Kombe lake la kwanza Liverpool lilikuwa Juni 2019. Slot alipanda kwenye ngazi ambayo mwingine alivumiliwa ili aijenge. Yaani Liverpool ni shahidi wa pande zote mbili, ndiyo maana kila mtu anamwita mahakamani.

Shahidi wa pili ni Manchester United. Ferguson aliondoka 2013. Wakaja Moyes, Van Gaal, Mourinho, Solskjær, Ten Hag, halafu Amorim. Vikombe vya pembeni vimepatikana, ligi hakuna hata moja, na msimu wa 2024/25 walimaliza wa 15. Sisemi hivi kwa kuwacheka (nawacheka, lakini si hapa). Ninachosema ni kwamba kubadilisha kocha katika nyumba isiyojua inataka kucheza mpira gani ni kubadilisha dereva wa daladala lililokufa injini. Abiria watamshangilia, lakini halitafika Igoma.

Sisi wenyewe tulishajaribu. Baada ya Wenger alikuja Unai Emery, akapewa miezi 18, akafika fainali ya Ligi ya Ulaya kule Baku na kupigwa 4-1 na Chelsea, akatimuliwa Novemba 2019. Wengi wetu tulisherehekea. Aprili 2024, tukiwa kwenye mbio za ubingwa, ni timu gani ilikuja Emirates ikatufunga 2-0 na kutuharibia kila kitu? Aston Villa. Ya Emery. Ubingwa tukaukosa kwa pointi 2.

Kwa hiyo kipimo changu si ubora wa Arteta peke yake. Nauliza kama nyumba iko tayari kumpokea mwingine. Juni 2025 Berta alikuwa na miezi mitatu tu kazini. Hakuwa amemaliza hata dirisha moja la kiangazi. Kumpa kazi ya kutafuta kocha na namba tisa kwa wakati mmoja, ligi ikianza Agosti, ni kumwagiza mtu sato wa choma huku moto haujawashwa.

Mfano wa hapa kwetu, na kwa nini haufanani

Kuna hoja moja nzuri kutoka mlangoni ambayo wengi wameipuuza. Pamba Jiji, timu ya hapa Mwanza, ilirudi Ligi Kuu ya Tanzania 2024 baada ya zaidi ya miaka 20 nje. Ikaanza vibaya, na Oktoba ikaachana na kocha Goran Kopunović, akaja Felix Minziro, na timu ikabaki ligi kuu. Watu walewale wanaokaa upande wa feni wakidai Arteta apewe muda ndio waliokuwa Kirumba uwanjani wakitaka Kopunović aende hata kabla ya jioni. "Uvumilivu wenu unaishia ziwani?" aliuliza mmoja.

Jibu langu ni hili. Anayezama anahitaji kamba leo, haijalishi ni ya rangi gani. Pamba ilikuwa inatafuta kutoshuka daraja, na kwa hilo kocha anayeijua ligi, viwanja vyake na safari zake anasaidia hata katikati ya msimu. Arsenal haizami. Imekwama ngazi moja kutoka juu, na hiyo ni shida ya aina nyingine.

Mambo madogo

Pesa: mkataba wa Arteta, aliouongeza Septemba 2024, ulikuwa unafika 2027, kwa hiyo kumwondoa kuna fidia. Si hela yetu. Sisi tunalipa 1,000 ya mlango.

Mpira wa kuchosha, kona nyingi: wapo wanaosema wamechoka kuona timu inasubiri kona kama mtu anayesubiri mshahara. Mimi napenda kona zetu. Bao la kona nalo linaandikwa bao.

Makinda: Lewis-Skelly na Nwaneri wamekua mikononi mwake, na siku ile ya 5-1 dhidi ya City, Februari, Lewis-Skelly alipokaa chini kumuigiza Haaland wa City anavyoshangilia, hata mlangoni walisimama.

Chaguo la tatu ambalo ni baya kuliko yote mawili

Nikiwachunguza watu mmoja mmoja, nagundua wengi hawako Abaki wala Aondoke. Wako "abaki, tumuangalie mpaka Krismasi". Hii inasikika ya busara. Ndiyo mbaya kuliko zote.

Manchester United walifanya hivyo hasa. Ten Hag alichukua Kombe la FA Mei 2024, wakasita, wakatafakari, wakamwongezea mkataba, wakamnunulia wachezaji anaowataka kiangazi kizima, halafu 28 Oktoba wakamtimua. Amorim akakuta wachezaji wa mtu mwingine, mfumo wake hauwaingii, na msimu ukaishia nafasi ya 15. Tottenham, kwa upande wao, walimwondoa Postecoglou 6 Juni, siku 16 tu baada ya kuchukua Ligi ya Ulaya, kwa sababu kwenye ligi walimaliza wa 17. Watu waliwaona wakatili. Lakini walau waliamua Juni, na kocha mpya alikuwa na dirisha zima mbele yake.

Kwa hiyo ukitaka Arteta aondoke, dai aondoke sasa hivi, wiki hii. Ukitaka abaki, kubali kwamba anabaki mpaka Mei, hata akitoka sare na timu iliyopanda daraja Novemba. Kocha wa majaribio hajawahi kuuza mchezaji mkubwa anayemsumbua. Wachezaji wanajua nani anaondoka kabla hata ya sisi kujua.

Kura yangu

Napiga Abaki, kwa masharti, na masharti nayaandika leo ili nisije nikayameza. Anunuliwe namba tisa wa kweli kabla ligi haijaanza. Akipewa huyo, majeruhi wakiwa wa kawaida, na ikifika Mei 2026 hakuna ligi wala kombe la Ulaya, nitahamia mlangoni mwenyewe na benchi langu. Kombe la FA peke yake halitanirudisha, kisa cha Wenger kimeshanifunza.

Kama wewe unaamini timu ile ya pointi 89 ndiyo ilikuwa kilele chake, na kwamba kupungua kwa pointi 15 si majeruhi bali ni kocha aliyeishiwa, basi nafasi yako ni mlangoni kihalali kabisa na sitakuita msaliti. Ila njoo na jina la anayekuja. Bila jina, hiyo ni hasira ya 7 Mei tu, na hasira ile hata mimi ninayo.

Kura ni Jumapili saa kumi jioni, bandani, kabla hawajaweka muvi. Pande zikilingana, mgongoni tutaandika jina la tawi basi. Waliochangia mpaka sasa ni 23, na fundi wa kuchapisha kule Makoroboi hataki kusikia habari za Arteta, anataka nusu ya hela mkononi ndipo akate kitambaa. Wa Sengerema naye hajalipa. Sasa daraja lipo, asiniambie habari za foleni ya kivuko.